Mwili unarefukaje na pingili zinatoka wapi? Maswali ninayoulizwa kila term

Nafundisha baolojia S5 na S6, ile miaka miwili ya mwisho ya sekondari, hapa Jinja, Uganda, na kila tukifika kwenye ukuaji wa kiinitete, yaani mtoto akiwa bado anaanza kuumbika, maswali yanakuja yaleyale, alafu nikitoka shule nakutana na mfugaji wa nguruwe ana lake, na mama wa jirani ana lake, basi nimechoka kurudia nimeandika hapa. Neno nitakalotumia sana ni pingili, maana mtu yeyote aliyekula muwa wa Kakira anajua pingili ni nini. Hata mifupa ya mgongo tunaiita pingili za uti wa mgongo, kwa hiyo lugha yetu ilishaliona jambo hili kabla ya darubini.

Pingili za mwili ni nini hasa? Sisi binadamu tunazo kweli?

Tunazo. Pitisha kidole katikati ya mgongo wako utasikia vinundu, hivyo ndo vyenyewe. Mtu mzima anahesabiwa pingili 33: shingo 7, kifua 12, kiuno 5, alafu 5 zilizoungana nyuma ya nyonga na kama 4 za kifandugu. Ila zilianza mapema sana, karibu siku ya 20 ya mimba, wakati mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Pembeni ya mstari wa mgongo wa kiinitete vinatokea vibonge vya seli, viwili viwili, kushoto na kulia, tunaviita somaiti. Binadamu anatengeneza jozi 42 hadi 44 hivi, za mwisho mkiani zinapotea. Kutoka kwenye vibonge hivyo unapata mifupa ya mgongo, mbavu, misuli ya mwili na ya mikono na miguu, na ngozi ya ndani ya mgongoni.

Wanafunzi wengi wanaandika kwenye mtihani kwamba somaiti moja inakuwa mfupa mmoja. Hapana jamani! Kila somaiti inagawanyika, nusu yake ya nyuma inaungana na nusu ya mbele ya inayofuata, hizo mbili ndo mfupa mmoja. Misuli yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo inajikuta imevuka kutoka mfupa huu mpaka ule. Bila huo ujanja msuli ungeshika mfupa mmoja pande zote na mgongo usingepinda hata kidogo, ungetembea kama mwiko. Na neva nazo zinapita kwenye nusu ya mbele tu ya somaiti kwa sababu nusu ya nyuma inazikataa, ndo maana neva za mgongo zimepangika kwa nafasi kama nguzo za umeme.

Mwili unarefukaje? Si ni seli zinaongezeka tu?

Kuongezeka kupo lakini kwenyewe hakutoshi, maana kitu kikiongezeka tu kinakuwa mpira, hakiwi kamba. Nenda kwa kijana wa rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, pale barabarani, mwangalie anavyochukua donge la unga analisokota kwa viganja linakuwa refu, hajaongeza unga hata punje, limerefuka kwa sababu limekonda. Seli zinafanya hivyo hivyo. Zilizo pembeni zinajipenyeza katikati ya wenzake, upana unapungua urefu unaongezeka. Ukishaona taksi zinatoka Old Taxi Park zikiwa mistari minne alafu zote zinataka kuingia kwenye mstari mmoja, umeshaelewa, msururu unakuwa mrefu na hakuna gari jipya lililoongezeka. Kwenye kiinitete cha nzi mdogo wa matunda mkanda wa mwili unazidi mara mbili ya urefu wake kwa njia hii, tena ndani ya saa chache tu.

Njia ya pili iko mkiani. Wanyama wenye uti wa mgongo wana akiba ya seli kwenye ncha ya nyuma, na kati ya hizo kuna zingine zinaweza kuwa ama uti wa neva ama misuli na mifupa, hazijaamua bado. Ncha inasonga nyuma huku inaacha seli njiani, kama boda aliyebeba gunia la mchanga lililotoboka. Kwa hiyo kichwa kinakuwa tayari mapema na mkia unakuja mwisho, na ndo maana picha ya kiinitete ina kichwa kikubwa kama boga na nyuma pamesinyaa.

Ya tatu ni notokodi, ile fimbo laini inayopita katikati. Kwa samaki seli zake zinajaa maji zinavimba, na kwa sababu zimefungwa na ala ngumu haziwezi kutanuka pembeni, zinasukuma kwa urefu, kama tairi unalolijaza upepo ndani ya bomba. Kwako wewe mtu mzima mabaki yake yako ndani ya zile diski laini katikati ya pingili.

Na kuna jambo lilionekana mwaka 2018 kwa samaki pundamilia, yule mdogo wa maabara, ambalo mtu wa Kampala atalielewa kuliko profesa wa Ulaya: seli za mkiani zinapita pita kama kimiminika, lakini kadri unavyokwenda mbele zinabanana hazisogei tena, pamekuwa pagumu. Ni jam kabisa! Mkia laini unaendelea kunyooka kwa nyuma kwa sababu mbele pameshaganda pamekuwa kama ukuta wa kusukumia.

Sasa nani anahesabu na kukata? Mbona pingili zinalingana?

Hili ndo swali ninalolipenda. Mwaka 1976 Jonathan Cooke na mwanahisabati Christopher Zeeman kule Uingereza walitoa wazo kwamba lazima kuna saa inayogonga ndani ya seli, na kuna mstari unaotembea kutoka mbele kwenda nyuma, vikikutana pingili inakatwa. Hawakuwa wameiona hiyo saa, ni hesabu na kufikiri. Ikapita miaka 21, mwaka 1997 kikundi cha Olivier Pourquié kule Ufaransa kikaonyesha kwenye kiinitete cha kuku jeni, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya seli, inayowaka na kuzima kila dakika 90, na kila mzunguko mmoja ni jozi moja ya somaiti. Saa ilikuwepo kweli.

Inafanyaje kazi? Fikiria tanki la maji lenye boya. Maji yakijaa boya linafunga bomba, maji yakitumika boya linashuka bomba linafunguka. Jeni ya saa inatengeneza protini, protini ikiwa nyingi inarudi inaizima jeni yenyewe, alafu protini inaoza haraka, jeni inawaka tena. Ule ucheleweshaji wa katikati ndo unaoleta mdundo, kama protini ingefanya kazi papo hapo ingetulia tu mahali pamoja. Na kila seli ikiwa na saa yake si zitapishana? Zingepishana, ila zinasikilizana na jirani kupitia njia inaitwa Notch, kama watu wanavyopiga makofi kanisani, ukichelewa unasikia wenzako unajirekebisha.

Mstari nao unatoka wapi? Mkiani kunamwagwa kemikali, FGF na Wnt, zinaziambia seli subirini bado. Mbele kunatoka asidi ya retinoiki, inayotokana na vitamini A, inasema iveni. Mkia ukisonga nyuma sauti ya subirini inafifia, seli zilizoachwa zinavuka mstari, na zitakazokutwa zimevuka saa ikigonga zinakatwa pamoja.

Mfano ninaowapa darasani: mtu mmoja anavuta muwa mezani, mwingine ameshika panga anakata kila ngoma ikipiga. Muwa ukivutwa haraka vipande vinakuwa virefu, ngoma ikienda haraka vipande vinakuwa vifupi, na idadi inategemea wamefanya kazi muda gani kabla muwa kuisha. Hapo una vitu vitatu, na karibu kila mnyama mwenye mgongo unaweza kumweleza kwa kuvigeuza geuza hivyo vitatu.

Saa hiyo inagonga kwa kasi moja kwa wanyama wote?

Wee, hapana. Samaki pundamilia kama dakika 30, kuku 90, panya saa 2, binadamu karibu saa 5. Ya binadamu ilipimwa kwenye seli zilizokuzwa maabara, matokeo yakatoka 2020, na ikaonekana tofauti ya panya na sisi ni kwamba kemia ya ndani ya seli zetu inakwenda polepole, protini zinachelewa kutengenezwa na zinachelewa kuoza. Jeni ni ileile. Joto pia linahusika, samaki ukimweka kwenye maji ya baridi saa inapungua mwendo.

Twiga ana shingo ndefu vile, basi ana pingili nyingi za shingo?

Saba. Kama wewe, kama panya, kama kiboko anayepiga miayo kwenye Nile. Twiga wa Murchison ana saba ila kila moja imerefuka kupita sentimita 25. Karibu wanyonyeshaji wote wana saba, wanaovunja sheria ni kama slothi, yule mnyama mzito wa mitini wa Amerika, na nguva wa mtoni wa Amerika na wa Afrika Magharibi, basi. Kuku ambaye shingo yake unaitupa kwenye supu ana 14 na hakuna anayemshangilia.

Chatu je? Ule urefu wote?

Huyo ndo amezidisha pingili kweli. Nyoka wa mahindi, ambaye ndiye alichunguzwa vizuri, ana zaidi ya 300. Kazi iliyotoka 2008 kwenye maabara ya Pourquié ilionyesha ngoma ya nyoka inapiga haraka ukilinganisha na jinsi mwili wake unavyokua, kama mara nne ukimpima na panya, kwa hiyo vipande vinakuwa vidogo vidogo vingi, na pia mkia wake unachukua muda kuishiwa akiba. Muwa uleule, mkata panga ana haraka.

Miguu yake kukosekana ni habari nyingine. Chatu bado ana vikucha viwili vidogo karibu na mkundu, mabaki ya miguu ya nyuma. Nyoka wana hitilafu kwenye kipande cha DNA kinachowasha jeni ya kuotesha miguu, na walipokitia kipande cha nyoka kwa panya, panya akazaliwa na vishina tu badala ya miguu.

Kama somaiti zote zinafanana, kwa nini za kifuani zinaota mbavu na za shingoni hapana?

Kukata ni kazi moja, kuzipa pingili majina ni kazi nyingine. Majina yanagawa jeni za Hox. Zimepangwa kwenye kromosomu kwa mfuatano uleule wa mwili, za mwanzo zinahusika na huku mbele, za mwisho zinahusika na mkia. Mtafiti Edward Lewis ndiye aliyekaa miaka na nzi wake akionyesha kwamba jeni hizi zikiharibika pingili inajidhania ni nyingine, ukapatikana nzi mwenye mabawa manne badala ya mawili. Nzi mwingine anaota miguu kichwani mahali pa vipapasio. Picha yake niliiona nikiwa S5, kwenye kitabu kilichochanika nusu, na ndo siku niliyoamua kusoma baolojia, kemia ikabaki na wenyewe.

Wadudu nao wana saa? Nsenene ametengenezwa hivyo?

Inategemea mdudu. Nzi wa matunda hana saa ya namna hiyo, yeye anakata zote karibu kwa pamoja. Mama anaweka ujumbe wa jeni ya bicoid upande wa kichwa cha yai, protini inasambaa ikipungua kuelekea nyuma, kila kiini cha seli kinasoma kiasi kilichopo kinajua kiko wapi. Kisha jeni zingine zinachora maeneo makubwa, zingine zinachora mistari saba, na mwisho mistari 14, yote hiyo ndani ya kama saa tatu. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walizipata jeni hizi kwa kuharibu nzi maelfu na kuangalia nani amekosa kipande gani, wakachapisha 1980, na Nobeli ya 1995 wakagawana na Lewis. Moja ya jeni hizo ina jina la Kijapani, fushi tarazu, maana yake pingili hazitoshi.

Lakini nzi ni mtoto wa ajabu kwenye ukoo. Panzi na jamaa zake, na nsenene tunayemkaanga Novemba ni wa ukoo huo, wanaanza na kichwa na sehemu ya mbele, alafu zilizobaki zinaongezwa moja moja kutoka nyuma. Na yule mdudu mdogo mwekundu unayemchekecha kwenye unga wa posho, mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba ana saa kabisa, jeni zake zinawaka na kuzima mkiani kama za kuku. Ukimtupa nje ya chekecheo mpe heshima kidogo.

Kama saa ya mdudu na ya kuku zimetoka kwa babu mmoja au kila mmoja alijitengenezea yake, wataalamu bado wanavutana. Mimi naegemea kwa wanaosema kila mmoja alijitengenezea, kwa sababu jeni zenyewe hazilingani sana, ila usininukuu kwenye mtihani wa taifa wa UNEB.

Tandu ana miguu mia? Na jongoo?

Tandu mzima idadi ya jozi zake za miguu ni namba witiri kila mara, 15, 21, 23, mpaka 191 kwa wale warefu wa udongoni, kwa hiyo jozi 50 kamili zinazoleta mia humpati. Kuna tandu mmoja wa pwani za Ulaya aliyechunguzwa, saa yake kwa sehemu kubwa ya mwili inakata pingili mbili kwa mpigo mmoja, na hapo unaanza kuona kwa nini kuongeza moja tu ni kazi. Jongoo yeye kila pete ya mwili ina jozi mbili za miguu, na 2021 alitangazwa wa Australia mwenye miguu 1,306.

Tegu, yule mnyoo wa tumboni, naye ana vipande vipande, ni kitu kilekile?

Hapana, na hili linawakosesha wengi maksi. Tegu anazalisha vipande vyake shingoni, karibu na kichwa, vipya viko mbele na vya zamani vinasukumwa nyuma mpaka vinakatika vikiwa vimejaa mayai. Ni kinyume kabisa na nyungunyungu na sisi. Kila kipande ni kiwanda cha mayai tu. Na kwa kuwa tegu anaweza kukuingia kwa nyama ya nguruwe isiyoiva, ipikeni iive.

Tukiwa kwenye nguruwe: ni kweli kuna nguruwe mwenye mbavu nyingi?

Ni kweli mzee wangu. Nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia ana pingili 19 za kifua na kiuno, wale wa kisasa wa biashara wana 21 hadi 23, kwa sababu watu walichagua warefu kizazi baada ya kizazi bila kujua wanachagua nini. Jeni mbili zinazohusika zimeshatambuliwa, NR6A1 na VRTN. Kwa hiyo ukinunua dume la kizungu ukaona watoto warefu kuliko wa kienyeji, si chakula peke yake.

Mkia wetu ulienda wapi?

Tulikuwa nao, kiinitete cha wiki ya tano kina mkia, kufika wiki ya nane umeshamezwa. Ukienda Kibale utaona tumbili na mbega wana mikia mirefu, sokwe hana, na gorila wa Bwindi hana. Mwaka 2024 ilichapishwa kwamba kuna kipande cha DNA kilijichomeka kwenye jeni TBXT ya mababu wa sokwe na binadamu, miaka kama milioni 25 iliyopita, na panya waliotengenezewa hali ya kufanana na hiyo wengine walizaliwa na mkia mfupi au bila mkia. Jeni hiyo ni ileile ambayo tangu 1927 inajulikana kwa panya wa mkia mfupi.

Mtoto wa dada yangu kazaliwa na mgongo uliopinda, jirani anasema dada aliruka nyoka akiwa na mimba.

Pole sana dada, na huyo jirani mwambie aache. Nyoka hahusiki. Wakati mwingine saa yenyewe ina hitilafu, jeni kama HES7, MESP2, DLL3 au LFNG zikiharibika pingili zinakatwa vibaya, nusu nusu au zimeungana, na mgongo unapinda. Mara nyingi ni za kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili ambao wenyewe wazima kabisa. Kwa panya imeonekana pia kwamba hewa ya oksijeni kupungua wakati saa inagonga inaweza kuongeza tatizo kwa mwenye jeni dhaifu. Mpelekeni hospitali apigwe picha, wengine wanahitaji kufuatiliwa tu.

Mgongo wazi ni kitu kingine, pale ni mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa neva, haukufunga, na unatakiwa ufunge kufikia siku ya 28. Ndo maana vidonge vya asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, vinatakiwa vianze KABLA ya mimba, ukingoja kliniki ya kwanza muda umeshapita. Hospitali ya CURE kule Mbale inawatibu watoto hawa, msimfiche mtoto nyumbani. Na ile asidi ya retinoiki niliyoitaja juu, dawa za chunusi za jamii yake, isotretinoini, mwanamke mwenye mimba au anayetarajia asiguse.

Nawezaje kuona kwa macho yangu?

Yai la kuku, ila liwe la kuku aliyepandwa na jogoo, mayai mengi ya dukani hayana kitu utasubiri bure. Liweke kwenye inkubeta nyuzi 37.5 hadi 38, au chini ya kuku anayeatamia, toa kati ya saa 36 na 48. Lilaze dakika chache, toboa juu taratibu, kwenye kiini utaona duara na katikati kamstari keupe, na lenzi ya kawaida ya mkononi itakuonyesha vidoti viwili viwili kama shanga, na kwenye la saa 48 moyo tayari unapiga. Mwaka jana tulifungua sita, mbili zilikuwa maji matupu, ya tatu mwanafunzi wangu mmoja akahesabu jozi 19, mwenzake akasema 20, wakabishana mpaka kengele ikagonga, na wakati wanabishana yawezekana ya 20 ndo ilikuwa inakatwa.